Utawala wa Mkoa wa Mwanza, Kutoka kwa Watemi Hadi Halmashauri za Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa kila mara na wanafunzi wanaoandika kazi zao, na wanakijiji wenye mashauri ya ardhi, na watu waliozaliwa huku na kuhamia mbali ambao sasa wanatafuta majina ya mahali walikotoka wazazi wao. Kila jibu linajitosheleza. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, msomaji ataelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Mkoa wa Mwanza una wilaya ngapi? Mbona wengine husema saba na wengine nane?

Wilaya ni saba: Nyamagana, Ilemela, Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema na Ukerewe. Halmashauri ni nane, kwa sababu Wilaya ya Sengerema ina halmashauri mbili, ya Sengerema yenyewe na ya Buchosa, ambayo makao yake yako Nyehunge. Anayesema saba anahesabu ofisi za wakuu wa wilaya, na anayesema nane anahesabu mabaraza ya madiwani. Wote wawili wako sahihi. Nyamagana ndiyo Halmashauri ya Jiji la Mwanza, hadhi ambayo Mwanza iliipata mwaka 2000, na Ilemela ilitoka ndani ya jiji hilo na kuwa manispaa mwaka 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,699,872 katika mkoa mzima, wakati ile ya 2012 ilihesabu 2,772,509.

Serikali kuu na serikali za mitaa zinatofautianaje?

Serikali kuu inashuka kutoka juu: Rais humteua Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya, na chini yao yupo Afisa Tarafa. Serikali za mitaa zinapanda kutoka chini: wananchi huchagua mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, na diwani wa kata, kisha madiwani hukaa pamoja na kuwa halmashauri. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inazitambua mamlaka hizi katika ibara ya 145 na 146, na ibara ya 146 inasema wazi kwamba lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Ngazi hizi mbili hukutana kwa watendaji. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais lakini hufanya kazi chini ya maamuzi ya madiwani, na mtendaji wa kata na wa kijiji ni waajiriwa, hawachaguliwi. Kwa hiyo ofisi moja ya kijiji, yenye meza moja na benchi la mbao, huwa na watu wawili wenye asili mbili tofauti: mwenyekiti aliyepigiwa kura na wanakijiji, na mtendaji anayeshika muhuri.

Nani mkubwa, DC au Mkurugenzi?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na kwa kawaida huulizwa na mtu ambaye amezungushwa kati ya ofisi hizo mbili. Mkuu wa Wilaya, yaani DC, ni mwakilishi wa serikali kuu, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na msimamizi wa utekelezaji wa sera za serikali katika eneo lake. Mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri: shule za msingi, zahanati, ushuru, leseni za biashara na barabara ndogo za ndani zinapita au zimewahi kupita mezani kwake. Kwa itifaki DC hutangulia. Lakini mwenye shauri la zahanati isiyo na dawa au la ushuru uliozidi aanze kwa mtendaji wa kata na diwani wake, kisha kwa Mkurugenzi. Mwenye shauri la usalama, au la mtumishi anayekataa kabisa kumsikiliza, ndiye aende kwa DC.

Kitongoji, mtaa, kijiji, kata na tarafa: zinapangwaje?

Vijijini, vitongoji hufanya kijiji, vijiji hufanya kata, na kata kadhaa hufanya tarafa. Mijini, mitaa hufanya kata. Tarafa ni ya serikali kuu na haina baraza la kuchaguliwa, ndiyo maana mtu anaweza kuishi miaka hamsini bila kupiga kura yoyote ya tarafa.

## Enzi za watemi na za wakoloni

Kabla ya wakoloni, nani alitawala huku?

Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa na himaya nyingi, kila moja na mtemi wake (kwa Kisukuma, ntemi): Nera, Bukumbi, Busukuma na nyinginezo. Wazee wengi huhusisha neno hilo na kutema, yaani kukata: kukata pori la makazi mapya na kukata mashauri. Chini ya mtemi walikuwapo banangwa, kila mmoja akiangalia eneo lililoitwa gunguli, na vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewakusanya kwa kilimo cha pamoja. Mtemi alichaguliwa na wazee wa himaya kutoka ukoo wa kitemi, na katika himaya nyingi urithi ulifuata upande wa mama. Mvua ilikuwa juu yake. Ukame ukizidi, mtemi aliweza kuondolewa.

Ukerewe ni habari nyingine. Kisiwa kile kilikuwa na mtawala wake aliyeitwa omukama, wa ukoo wa Abasilanga, na mila zake za utawala zinafanana zaidi na za magharibi ya ziwa kuliko za Usukuma. Anayeandika kwamba mkoa mzima ulikuwa chini ya watemi wa Kisukuma anawafuta Wakerewe, na kosa hilo ni la kawaida mno.

Anayetaka kuviona kwa macho vitu vya enzi hizo aende Bujora, Kisesa, wilayani Magu. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement yana jengo lenye umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zipo ngoma na viti vya himaya mbalimbali. Ukisimama mbele ya ngoma hizo utaelewa haraka kuliko kwa kusoma, kwa sababu kila himaya ina ngoma zake, na hakuna ngoma moja ya wote.

Wajerumani walibadilisha nini?

Walianzisha kituo cha Mwanza mwaka 1892 na kukifanya makao ya utawala kando ya ziwa. Pwani walitumia sana maakida, yaani maofisa waliowekwa na Wajerumani wenyewe. Huku ziwani walitawala zaidi kupitia watemi, wakiwaondoa waliowapinga na kuwaweka waliowakubali. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 kodi ya nyumba iliingia, na hapo mtemi aliyekuwa akipokea kodi ya heshima kutoka kwa watu wake akawa mkusanyaji wa kodi ya mtu mwingine. Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916.

Jimbo la Ziwa lilikuwa nini, na kwa nini wazee wanaitaja Malya?

Chini ya Waingereza nchi iligawanywa katika majimbo, na Jimbo la Ziwa, makao yake Mwanza, lilikuwa kubwa kiasi cha kushika kwa pamoja sehemu ambazo leo ni mikoa kadhaa: Mwanza, Shinyanga, Mara, Kagera, Geita na Simiyu. Mkuu wake aliitwa PC (Provincial Commissioner), na ofisa wa wilaya watu walimwita Bwana Shauri, jina ambalo baadhi ya wazee bado wanalitumia kwa DC wa sasa.

Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, ndiye aliyeleta mfumo wa kutawala kupitia watawala wa kienyeji, ukawekewa sheria mwaka 1926. Kila mtemi alipata baraza lake, hazina yake na mahakama yake. Mwaka 1946 watemi wa Usukuma waliunganishwa katika shirikisho moja lenye makao Malya, wilayani Kwimba, ambako walikutana kupitisha kanuni za pamoja. Hapo ndipo palipotoka kanuni nyingi za kilimo na mifugo: kulima kwa matuta, kupunguza ng'ombe, kuogesha mifugo, kung'oa masalia ya pamba baada ya mavuno. Baadhi ya kanuni hizo zilikuwa na maana kwa ardhi yenye mmomonyoko. Lakini mtemi alilazimika kuzisimamia kwa faini, na kila faini iliyolipwa ilimtenga na watu wake. Leo Malya kuna chuo cha maendeleo ya michezo, na vijana wanaofanya mazoezi pale kwa sehemu kubwa hawajui kwamba mahali hapo paliwahi kuwa kama makao makuu ya Usukuma wote.

Kulitokea nini Geita mwaka 1958?

Serikali ya kikoloni iliamua kuweka baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi zote, Waafrika, Wazungu na Waasia, katika wilaya ambayo karibu wakazi wote walikuwa Waafrika. Watu walikataa. Hasira ya kanuni nilizozitaja katika jibu lililotangulia ilikuwa imeshajaa, na TANU ilikuwa imezuiwa kuendesha shughuli zake katika sehemu hizi tangu 1954, hivyo hapakuwa na mlango mwingine wa kusemea. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, ambavyo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waasisi wake, vilikuwa tayari vimewafundisha watu kukutana, kuandika na kudai. Waandamanaji walifika hadi Mwanza kutaka kusikilizwa, polisi wakatumia mabomu ya machozi, na mwishowe mpango ule wa baraza uliachwa. Katika historia yote ya utawala wa mkoa huu, sioni tukio linalostahili kufundishwa zaidi ya hili: wakulima wa kawaida waliikataa halmashauri ambayo hawakuulizwa habari yake.

## Baada ya uhuru

Watemi waliondolewa lini, na leo wana mamlaka gani?

Sheria ya kufuta mamlaka ya machifu ilipitishwa mwaka 1963. Tangu hapo mtemi hana mahakama, hakusanyi kodi, wala hagawi ardhi. Heshima ya kimila imebaki, na serikali huitambua katika sherehe: Septemba 2021, Kisesa wilayani Magu, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa na machifu na kupewa jina la Hangaya. Mtu akikuonyesha barua ya mtemi kuwa ndiyo hati ya shamba, tazama swali la ardhi hapa chini.

Jimbo la Ziwa liligawanyika vipi hadi kufikia mikoa ya leo?

Sehemu ya Bukoba ilitengwa kabla ya uhuru na kuitwa Ziwa Magharibi, ambayo ilipewa jina la Kagera mwaka 1979 baada ya vita na Uganda ya Idi Amin. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 majimbo yalifutwa na mikoa ikaundwa, ndipo Mwanza, Mara na Shinyanga zikawa mikoa mitatu. Wilaya nazo ziliendelea kugawanyika. Misungwi, kwa mfano, ilitoka Kwimba mwaka 1995.

Badiliko kubwa la mwisho lilikuja Machi 2012. Geita ilitoka Mwanza na kuwa mkoa, ikachukua Chato kutoka Kagera na Bukombe kutoka Shinyanga. Wakati huohuo Mkoa wa Simiyu uliundwa, na Busega, iliyokuwa sehemu ya Magu, ikaingia huko. Kwa watu wa Nassa na Lamadi lilikuwa jambo la ajabu: soko lao, hospitali waliyoizoea na ndugu zao viko upande wa Mwanza, barabara ya lami inawapeleka Mwanza, lakini barua zao sasa zinakwenda Bariadi.

Je, ni kweli kwamba halmashauri ziliwahi kufutwa?

Ni kweli, na ni ajabu jinsi watu wachache walio chini ya miaka hamsini wanavyolijua hilo. Mwaka 1972 ulianza mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za mijini zikafuata. Kazi zao zilihamishiwa kwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya waliotoka serikali kuu. Jina lilisema madaraka yanakwenda mikoani. Kilichofika mikoani kilikuwa maofisa. Diwani hakuwapo tena. Barabara za ndani, visima na takataka za mijini vilikosa mwenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, kikiwamo kile cha Nyanza, na mkulima wa pamba akabaki bila halmashauri na bila ushirika kwa wakati mmoja.

Halmashauri za miji zilirudishwa kwa sheria ya 1978. Sheria Na. 7, 8 na 9 za mwaka 1982 ziliweka upya mamlaka za wilaya, za miji na fedha zake, na utekelezaji wake ulianza mwaka 1984. Sheria hizo, pamoja na marekebisho mengi, ndizo zinazotumika hadi leo.

Kijiji chetu kilianza lini?

Mahali penyewe panaweza kuwa pa karne nyingi, lakini kijiji kama chombo cha kisheria kwa sehemu kubwa ni mtoto wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 na sheria ya vijiji ya 1975. Kabla ya hapo Wasukuma waliishi wametawanyika, kila mji na mashamba yake, umezungukwa na minyaa. Familia zilihamishwa na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, na baadhi zilirudi kimyakimya kwenye mahame yao baadaye. Mashauri mengi ya ardhi ya leo yalizaliwa katika miaka ile.

## Kijiji, ardhi na ushuru

Mkutano mkuu wa kijiji una nguvu gani hasa?

Ndicho chombo cha juu kabisa kijijini. Mjumbe wake ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inawajibika kwake. Mkutano huu hupokea taarifa ya mapato na matumizi, hujadili sheria ndogo kabla hazijapelekwa wilayani kuidhinishwa, na hutoa au hunyima kibali katika mambo ya ardhi.

Tatizo ni kumbukumbu. Mama yangu alipewa shamba na kijiji wakati wa operesheni, na mkutano ulioridhia uliandikwa. Miaka mingi baadaye jirani alipolidai, tulikwenda ofisini kuomba muhtasari ule. Mtendaji alitutolea kaunta buku kutoka kwenye sanduku la bati. Jalada lilikuwa zima, lakini kurasa za katikati zilikuwa zimeliwa na mchwa, na zilizobaki zilivunjika mikononi kama majani makavu. Wazee wawili waliokuwapo siku ile walikuwa wameshafariki. Ilituchukua miaka minne. Tangu hapo namwambia kila anayeniuliza: jambo lako likishapita mkutanoni, omba nakala ya muhtasari yenye sahihi na muhuri siku hiyohiyo, uitunze nyumbani.

Shauri la shamba linaanzia wapi?

Ardhi ya kijiji inasimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji. Mgogoro huanzia kwenye baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Usipomalizika, unakwenda kata. Zamani baraza la kata liliweza kutoa hukumu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 kazi yake imebaki kusuluhisha, na hukumu hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wanawake watambue kwamba sheria hiyo inawapa haki sawa na wanaume ya kupata na kumiliki ardhi, hata pale ukoo unaposema vinginevyo.

Ushuru gani ni halali?

Ule uliowekwa na sheria au sheria ndogo, na unaotolewa stakabadhi. Ushuru wa mazao, uliokuwa asilimia 5, ulipunguzwa mwaka 2017 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara kama pamba na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka mgambo waliokuja alfajiri na wanaume waliolala kwenye minyaa ili wasikamatwe; hakuna mtu anayepaswa kudaiwa kodi hiyo leo kwa jina lolote.

Sungusungu ni sehemu ya serikali?

Walianza wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Shinyanga, kupambana na wizi wa ng'ombe, kisha wakaenea hadi Mwanza. Inafaa kuzingatia kwamba walimwita kiongozi wao mtemi, miaka ishirini tu baada ya utemi kufutwa. Walitambuliwa kisheria mwaka 1989 kupitia sheria za mgambo. Wanaweza kulinda na kumkamata mtuhumiwa na kumfikisha polisi. Hawana mamlaka ya kuhukumu, kupiga, wala kumtenga mtu na jamii yake.

## Maswali ya pembeni

DC anaweza kuniweka ndani?

Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya mwaka 1997 inampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe pale anapotenda kosa mbele yake au pale kuna hatari ya kweli kwa amani, kwa muda usiozidi saa 48, na sababu zinapaswa kuandikwa. Uwezo huo haukuwekwa kwa ajili ya mtu aliyechelewa mkutanoni au aliyejibu kwa sauti kubwa.

Cheti changu kinasema nilizaliwa Geita, Mkoa wa Mwanza. Kimekuwa batili?

Hapana. Cheti hutaja mahali kwa jina la wakati ule. Ukijaza fomu mpya, andika wilaya kama ilivyo kwenye cheti, na ukiulizwa eleza mabadiliko ya 2012.

Visiwa na maji ya ziwa ni vya nani?

Visiwa vina vijiji na kata kama bara: Ukara iko Ukerewe, Kome na Maisome ziko Buchosa. Kisiwa cha Saanane, karibu kabisa na katikati ya jiji, ni hifadhi ya taifa. Maji yenyewe hayagawanywi kwa vijiji. Uvuvi unaongozwa na sheria ya uvuvi ya 2003, leseni hutolewa kupitia halmashauri, na kila mwalo una kikundi cha BMU, yaani cha wanajamii wanaosimamia mwalo, kinacholinda rasilimali pamoja na maofisa uvuvi. Kambi ya wavuvi inayohama na samaki haina serikali yake ya kijiji. Mwenye shauri aende kwenye kijiji ambacho mwalo huo umo ndani ya mipaka yake.

Nitapata wapi kumbukumbu za zamani za eneo letu?

Maofisa wa Kiingereza walitunza vitabu vya wilaya, wakiandika humo majina ya watemi, koo, mipaka na mashauri. Vitabu hivyo pamoja na majalada ya Wajerumani viko katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Visome kwa uangalifu, kwa sababu mwandishi mara nyingi alimsikiliza mtemi na kuwaacha wengine. Kabla ya kusafiri, nenda kwanza kwa wazee wa gunguli lenu ukiwa na daftari, uandike majina ya banangwa wanaowakumbuka na mahali walipokaa, maana majina hayo ndiyo utakayoyatafuta ndani ya vitabu vile.